Brashi Yenye Mikato Mitatu

Siwezi kuvumilia kuona brashi imesimamishwa kwenye kopo kichwa chini. Wajukuu wangu wakichora picha za shule wakaacha brashi zao ndani ya maji, mimi hupiga kelele nyumba nzima ikasikia. Wao wanadhani ni uzee. Nawaacha wadhani hivyo, maana ukishaitwa mzee hakuna anayekuuliza zaidi.

Kuosha brashi nilifundishwa Nakawa, Kampala, katika karakana ya mabati nyuma ya soko, miaka ile ya utawala wa jeshi. Baba yangu alikuwa askari polisi, mtu wa kaskazini, nasi watoto tulikulia kambini ambako kila nyumba ilikuwa na lugha yake na Kiswahili ndicho kilichotuwezesha kugombana na majirani. Mjini, Kiswahili hicho hicho kiliwatia watu baridi. Ukikitamka kwenye foleni ya sukari, aliye mbele yako anakupisha, akidhani una kaka mwenye bunduki. Mimi sikuwa na kaka, na sikuona haya kupishwa. Nayasema haya mapema ili asije mtu akadhani nilikuwa binti mwema aliyepatwa na bahati mbaya.

Karakana ilikuwa ya fundi wa mabango, Mkongo wa mashariki aliyekimbia vita vya kwao akiwa na mke wake na sanduku moja. Alikuwa na umri wa baba yangu, mwembamba, na vidole vyake havikutetemeka hata akiwa na njaa. Alijua kuchora herufi kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona, lakini Kiingereza hakukijua, na wateja wa Kampala walitaka mabango ya Kiingereza. Mimi nilikuwa nimemaliza shule, nina mwandiko mzuri na sina kazi. Baba akanipeleka kwake. Kazi yangu ikawa kumwandikia maneno kwenye karatasi, naye ayakuze kwenye ubao. Baada ya mwaka mmoja nilikuwa nachora mwenyewe mabango madogo ya vinyozi na ya wauza mkaa. Yeye aliniita mama, kama Wakongo wanavyowaita hata wasichana, nami nilimwita mzee.

Kazi ilikuwa tele. Wahindi walikuwa wamefukuzwa, maduka yao yakagawiwa kama nyama ya sadaka, na kila aliyepata duka alitaka jina lake juu ya mlango hata kabla hajajua dukani mna nini. Tulifuta majina. Asubuhi tunapiga msasa jina la familia iliyokaa pale miaka arobaini, jioni tunaandika la mtu ambaye juzi alikuwa hana hata kibanda. Sikulilia yale majina ya zamani. Tulikula vizuri mwaka ule, fundi na mimi, na hilo nalo ni lazima niliseme.

Lakini wale waliofukuzwa ndio waliokuwa wakiuza brashi. Rangi iliendelea kuonekana hapa na pale, ya magendo, imechakachuliwa, ila brashi nzuri za kuandikia ziliisha na hazikurudi. Fundi alikuwa na tano alizotoka nazo Kongo, nywele laini zenye ncha kama ya kalamu, anazihifadhi katika bati la biskuti. Moja ikifa imekufa, huna pa kwenda kununua nyingine. Kwa hiyo zilioshwa kama maiti anavyooshwa, kwa mpango na bila haraka.

Kwanza makopo mawili ya mafuta ya taa. La kwanza ni chafu, linatoa rangi nyingi. La pili ni safi, linatoa iliyobaki. Watu wengi huishia hapo, maana brashi inaonekana safi. Haijawa safi. Rangi huwa imejificha ndani kabisa, kwenye mizizi ya nywele, pale zinapoingia katika pete ya bati. Ndipo unapochukua sabuni, unaipaka kiganjani, unaizungusha brashi juu yake polepole, na kwa ukucha wa dole gumba unakamua kutoka kwenye pete kwenda nje. Povu linatoka jekundu, au bluu, au lolote uliloandikia. Unasuuza, unarudia. Huachi mpaka povu litoke jeupe. Kisha unaitia mdomoni na kuichonga ncha kwa midomo, unapaka mafuta ya mgando kidogo ili nywele zisikakamae, na unailaza kwenye bati. Unailaza tu, huisimamishi.

Fundi alikuwa na sheria moja juu ya yote hayo. Zamani karakana ilikuwa na waandishi wanne, na kila mmoja alikata alama yake kwa kisu kwenye mpini. Ya fundi ilikuwa mikato mitatu. Yangu ilikuwa mkato mmoja. Mwenye alama ndiye anayeosha brashi yake, na brashi ikiharibu kazi mwenye alama ndiye anayejibu. Hakuna kumwoshea mwenzio, hakuna kuoshewa. Wale wengine waliondoka, mmoja akarudi Kenya na mmoja hatukujua alikwenda wapi, tukabaki wawili, lakini sheria ikabaki vile vile.

Sabuni ilikuwa taabu. Ilipatikana kwa foleni na kwa kujuana, na watu walikuwa wakifulia majani ya mpapai. Kipande cha karakana kilitoka kwa mke wa fundi. Alikuwa anauza dagaa soko la Bukoto, akipata mche wa sabuni anaukata kwa uzi, na kila wiki anampa mumewe kipande cha upana wa vidole viwili kwa ajili ya brashi. Nyumba yake ilikuwa na watoto watatu. Nilikijua kile kipande kilitoka wapi, siwezi kusema sikujua.

Sasa nifike kwenye Alhamisi ile. Asubuhi fundi aliandika bango la bucha, herufi nyekundu tupu, kwa ile brashi yake bora kuliko zote. Adhuhuri akaitwa Bugolobi na kapteni mmoja aliyepewa duka la vitambaa, aende akapime ubao. Brashi ilikuwa bado imelowa rangi. Akasimama mlangoni, akaiangalia, akaniangalia mimi, kisha akanikabidhi pamoja na kipande cha sabuni.

"Mama," akasema, "leo utaniosheya burosi yangu."

Tangu nifike pale hakuwahi kumpa mtu. Nilivimba kichwa. Kwa karakana yetu lile lilikuwa kama kupewa cheti, na nilijua hivyo, na yeye alijua kuwa najua.

Jumamosi kulikuwa na harusi kambini, binti wa sajini anaolewa, na mimi nilikuwa na blauzi nyeupe moja iliyoanza kuwa ya manjano kwapani. Ningependa kuandika kwamba nilikuwa na mtoto mchanga na nepi zake. Sikuwa na mtoto. Nilikuwa na blauzi. Nikaiosha brashi ya fundi kwenye kopo la kwanza, nikaiosha kwenye la pili, nikaifuta kwa kitambaa na kitambaa kikatoka karibu safi. Nikaitia mdomoni, nikaichonga ncha huku ulimi ukiungua kwa mafuta ya taa, nikaipaka mafuta ya mgando, nikailaza. Sabuni nikaifunga kwenye leso na kuitia mfukoni. Jioni ile nilifua blauzi, ikatakata ajabu.

Fundi aliporudi alifungua bati, akaitazama brashi ilivyochongoka, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika. Hakuikagua. Wangeosha wale wengine angeikagua, niliyoosha mimi hakuikagua.

Ijumaa tukaenda Bugolobi. Ubao ulikuwa umeshapakwa bluu ya giza, na kapteni alitaka jina lake kwa herufi nyeupe, kubwa, liwe tayari Jumamosi asubuhi kwa sababu kuna mkubwa wake atakuja kufungua duka. Rangi nyeupe tuliyokuwa nayo ilikuwa nzito kama uji uliolala. Tapentaini haikuwepo mji mzima, hivyo fundi akaiyeyusha kwa petroli. Alianza jua likiwa limeshateremka. Mimi nilishika ngazi. Alipofika herufi ya tatu niliinua macho nikaona weupe una kitu, kama uwekundu wa mbali sana. Nikajiambia ni jua linatua. Yeye macho yake jioni hayakuwa mazuri, na nilijua hilo pia. Nikaendelea kushika ngazi. Tulimaliza gizani, tukaiacha ngazi pale pale, naye akaifunga brashi kwenye kitambaa chenye mafuta ya taa ili aioshe asubuhi.

Petroli haifanyi mchezo. Ile rangi nyekundu iliyokuwa imejificha kwenye mizizi iliyeyuka ndani yake kidogo kidogo, ikaingia kwenye kila herufi, na usiku kucha ikaendelea kupanda juu ya weupe wakati sisi tumelala. Asubuhi tulikwenda kuchukua ngazi. Kapteni alikuwa amesimama nje na askari wawili, wanatazama juu. Jina lake lote lilikuwa na rangi ya waridi pembeni, na chini ya herufi mbili ulikuwa umeteremka mstari mwembamba mwekundu, umekauka.

"Jina yangu natoka damu," alisema kapteni. Hakupayuka. Ningependelea angepayuka. "Leo mkubwa nakuja kufungua duka, na jina yangu natoka damu. Nani nakutuma wewe?"

Watu wa siku hizi watacheka. Enzi zile mtu aliyepewa duka la mwenzake alilala akisikiliza, na wale waliokuwa juu ndio walioogopa uchawi na njama kuliko sisi. Kapteni hakuwa anafanya mzaha. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeona kaburi lake.

Fundi alitoa brashi kwenye mfuko wa shati, akaifungua kitambaa.  Alibonyeza ukucha kwenye mizizi, karibu na pete, akakamua, na juu ya ukucha ikatokea rangi nyekundu, mbichi. Akaniangalia. Nimetazamwa na watu wengi katika maisha yangu, na wengine walinitazama kwa chuki, lakini nisingejali kutazamwa na hao tena. Yule hakuwa na chuki. Alikuwa anasubiri.

"Mukubwa, haiko damu," alimwambia kapteni. "Ni rangi ya zamani. Burosi haikuoshwa muzuri. Nitaandika tena sasa hivi, bila kulipwa."

Kapteni alimnyang'anya brashi, akaigeuza, akaona alama kwenye mpini. "Hii alama ya nani?"

"Yangu."

"Na nani hakuosha?"

Hapo ndipo palipokuwa pangu pa kusema. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Mimi nilikuwa binti wa polisi, nakijua Kiswahili chao, najua kuwaita afande na kuinamisha kichwa. Ningesema "ni mimi, afande, nilikuwa mjinga," ningezabwa kofi moja au mawili, wangenitukana, na tungeambiwa tufute tuandike upya. Naamini hivyo. Nimelifikiria kila upande na bado naamini hivyo. Nilifungua mdomo, nikahisi harufu ya sabuni kwenye blauzi yangu, maana nilikuwa nimeivaa kabisa ili nikitoka pale niende moja kwa moja harusini. Nikaufunga.

Fundi alisubiri kidogo tena. Kisha akasema, "Kwetu kila mutu anaosha yake. Ile ni yangu."

Kapteni akanigeukia. "Wewe mtoto ya nani?"

Nikamwambia baba yangu ni askari, nikataja kambi. Nilimwambia haraka sana, na kwa sauti nzuri.

"Wewe kwenda nyumbani," akasema.

Walimwingiza fundi kwenye gari. Hakupigwa mbele yangu. Askari mmoja alikuwa ameitupa brashi chini, na fundi, akiwa ameshainama kuingia, akaniambia neno la mwisho. Si neno kubwa. "Mama, osha ile burosi mbele haijakauka." Mbele, kwao, ni kabla.

Nimejaribu kwa miaka mingi kujua alikuwa ananisamehe au ananishtaki. Sasa nadhani hakuwa anafanya lolote kati ya hayo. Alikuwa fundi, na brashi ilikuwa imelowa.

Niliiokota, nikaenda nayo nyumbani, nikatoa sabuni iliyobaki kwenye leso, nikaiosha mpaka povu likawa jeupe. Ilinichukua kama robo saa. Robo saa tu, na sabuni isiyozidi ukucha wa kidole kidogo. Kisha nikaenda harusini. Baba, nilipomweleza kwamba fundi amechukuliwa, aliniambia nisilitaje jina lake mbele ya mtu na nionekane kama kawaida, kwa hiyo nikaenda, nikakaa kwenye kiti, nikala wali, na walipopiga ngoma nilicheza. Mama mmoja aliisifu blauzi yangu.

Mke wake alikuja karakana Jumatatu. Alikuwa ameshazunguka kila mahali pa kuulizia, na kila mahali wamemwambia hayupo. Nilimweleza habari yote: kapteni, ubao, rangi nyekundu, gari. Nilimweleza kila kitu isipokuwa kile kimoja. Hakulia mbele yangu. Aliliangalia bati la biskuti juu ya meza, ile brashi nikiwa nimesharudisha ndani, akaniomba nimtunzie, kwa sababu mumewe akirudi kitu cha kwanza atakachouliza ni hizo brashi, hata kabla ya watoto.

Nikazitunza. Karakana ilifungwa, nikapata kazi ya kuandika namba kwenye milango ya maghala, lakini bati nililiweka chini ya kitanda changu, na kila mwisho wa mwezi nilizitoa brashi zote tano, nikazipaka mafuta upya na kuzilaza. Ilikuwa ibada. Nilijiambia kwamba nikizitunza vizuri atarudi, na akirudi nitamwambia mbele ya mke wake. Nilikuwa nimeshayapanga maneno. Mafuta ya mgando yalipokosekana kabisa madukani, nilipaka samli, kwa kuwa samli bado ililetwa kutoka magharibi na kambi ilikuwa na njia zake. Nilijiona mwerevu. Mwaka wa mwisho, vita vilipokaribia mji, tulihamahama kwa ndugu, na bati likakaa chini ya kitanda miezi mingi bila kufunguliwa.

Serikali ile ilianguka. Magereza yalifunguliwa, watu wakatoka, familia zikakimbilia huko. Mke wa fundi alikwenda na kurudi siku nyingi. Halafu siku moja mchana akaja kwangu, amefunga mizigo. Anarudi Kongo na watoto. Akasema hana mwili wa kuzika, na ukweni kwake hawatakubali msiba usio na kitu, kwa hiyo anataka brashi. Watazizika pale walipozikwa wazazi wa mumewe.

Nililivuta bati kutoka chini ya kitanda, nikaliweka mezani kati yetu, nikalifungua.

Ilikuwa mipini mitano. Mende walikuwa wameingia kwa tundu la kutu pembeni na kula nywele zote, zikaisha kabisa hadi kwenye pete, kwa ajili ya samli. Mavi yao meusi yalikuwa yamejaa chini ya bati. Mikato mitatu ilikuwa pale kwenye kila mpini, mizuri, kama imekatwa jana.

Nikainama juu ya bati. Yeye ndiye aliyenishika bega.

"Haiko kosa yako," alisema. "Ni mende. Nani hana mende ku nyumba?"

Na hapo tena palikuwa pangu, kwa mara ya pili, safari hii bila kapteni, bila askari, bila gari. Tulikuwa wanawake wawili mchana kweupe na bati la biskuti. Maneno niliyoyapanga miaka yote ile yalikuwa tayari kinywani.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Ni mende."

Aliifunga ile mipini kwenye kitenge, mmoja mmoja, kwa upole. Nilimsindikiza hadi barabarani. Tukiwa tumesimama tunangoja gari alikumbuka kitu, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Ile Alhamisi, mbele ya kumukamata, alirudi ku nyumba na furaha," akaniambia. "Akasema, leo nilimupatia yule mutoto burosi yangu aoshe. Akasema, wewe unajua kuosha kumupita yeye."

Gari likaja. Nilimsaidia kupandisha mizigo, nikawabusu watoto, nikamwomba anisalimie wakweze.